Nilivyoisifu Bia Iliyonuka Ng'onda

Jamani, leo nimeadhirika. Si kuadhirika kwa kuteleza sokoni ukainuka ukajipangusa. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu kama thelathini, kipaza sauti mkononi.

Kwa wasionijua: nilikuwa mhudumu wa baa Diani miaka kumi na mmoja. Siku hizi ninaonja bia za chupa, zile za watengenezaji wadogo wadogo, kisha ninaandika kwenye ukurasa wangu ipi nzuri na ipi ya kumwagwa. Watu wananiamini. (Walikuwa wakiniamini.)

Sasa kuna jambo sikumwambia mtu. Mwezi wa nne nilishikwa na mafua mabaya. Mafua yakaondoka, yakaondoka na harufu zote. Sisikii kitunguu, sisikii moshi, sisikii kwapa langu mwenyewe. (Poleni mliokaa karibu nami.) Daktari akaniambia nisubiri. Nikasubiri, huku ninaendelea kuhukumu bia! Ulimi bado ulijua utamu, uchungu na ukali. Mengine niliyatunga. Bia nyekundu, ninasema inanukia sukari iliyoungua. Bia yenye ukungu, ninasema ndizi mbivu. Hakuna aliyenishtukia.

Akaja Dama.

Dama alikuwa mfuaji nguo katika hoteli niliyofanyia kazi. Mimi ndiye niliyemtia moyo aanze kutengeneza bia yake ya mtama na ukwaju, nyuma ya nyumba yake Ukunda. Wiki iliyopita aliniletea chupa.

"Kaka, nionjee. Niambie ukweli."

"Kwa nini usijiamini, dada?"

"Mume wangu anauza ng'onda. Nyumba nzima ni papa mkavu, mpaka mito ya kulalia. Pua yangu imeshazoea, hainiambii kitu. Ninaitegemea yako."

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mizani ya dukani. Nikanusa, nikanywa, nikasema, "Iko sawa kabisa."

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Leo saa tano asubuhi tukakutana hotelini. Meneja, mtu wa bara, alitaka kuchagua bia moja ya watu wa hapa aiweke baa mwaka mzima. Watengenezaji wanne, mwonjaji mmoja. Mwonjaji ni nani? Mimi, na shati nililolipiga pasi mara mbili.

Tatu za kwanza zilipita vizuri. Nikatunga, watu wakaitikia kwa vichwa. Ya nne ilikuwa ya Dama. Alikuwa amesimama kando ya kreti zake, amevaa gauni jipya, mikono ameifumbata kifuani.

Nikafungua. Povu likapanda, jeupe, zuri. Watu wa mstari wa mbele wakaegemea nyuma kwa pamoja. Mama mmoja akajifunika pua kwa mtandio. Nikadhani wameshtushwa na mlio wa kizibo.

Nikaingiza pua kwenye glasi, macho nimeyafumba, nikavuta pumzi ndefu. (Mbwembwe zangu hizo. Mungu anisamehe.)

"Naam! Ukwaju. Halafu kwa mbali, maua ya mlimau. Harufu safi, ya shamba lililonyeshewa."

Paka wa hoteli akatoka chini ya meza ya chakula. Akaruka juu ya meza yangu, akatia kichwa kwenye glasi yangu, akaanza kulia kama paka wanavyolia kwenye ndoo za wavuvi.

Meneja akasema taratibu, "Boss, hii si ni samaki?"

Watu wakapasuka kwa kicheko. Wengine walitoka nje kabisa ili wacheke vizuri. Mimi bado nimeshika kipaza sauti, paka bado amekaa.

Dama hakucheka. Alichukua ile glasi, akampa yule mama wa mtandio.

"Niambie ukweli, mama. Inanuka nini?"

"Ng'onda, mwanangu. Pole."

Baadaye tulijua kwamba mumewe aliazima pipa lake la bia siku moja, akalowekea papa ndani, akaliosha na kulirudisha bila kusema. Lakini pale hotelini Dama hakumuuliza mumewe. Aliniuliza mimi.

"Kaka, wiki iliyopita si nilikuletea?"

"Uliniletea."

"Na ulisema iko sawa."

Nikasema yote, na kipaza sauti kikasema nami, maana nilisahau kukizima. Kwamba pua yangu imekufa tangu mwezi wa nne. Kwamba niliogopa. Kicheko kikakatika.

Dama alinisogelea. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeyastahili. Akauliza, "Basi na mtoto je?"

Mke wangu amejifungua wiki sita zilizopita. Binti yetu wa kwanza. Kila anayempakata huinamia utosi wake, akavuta pumzi, akatabasamu. Mimi pia huinama. Mimi pia hutabasamu.

"Hujawahi kumsikia harufu yake?"

Nikatikisa kichwa. Nikalia pale pale, mtu mzima, na paka mezani.

Meneja alichagua bia ya jamaa wa Msambweni. Dama hakulia. Alizimwaga chupa zake zote, moja moja, kwenye mtaro wa nyuma ya jikoni. Nilimsaidia kufungua vizibo. Kwenye chupa ya mwisho nikasema:

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe," akasema. "Si leo."

Akapanda tuktuk na kreti tupu, akaenda.

Nimeshaandika kwenye ukurasa wangu kwamba sionji tena, na sababu yake. Mnaotaka kucheka, chekeni, ila aanze yule ambaye hajawahi kuitikia "ndiyo" kwa sababu "sijui" ilimkwama kooni.