Utumbo Mdogo Umeenda na Sketi ya Mama Ndila

Jumatatu, 8 Juni 1998
Nimekasirika. Jumamosi tuna jaribio la sayansi darasani kwetu ngumbaru, shule ya watu wazima. Mwalimu Justus amesema asiyefaulu hatamwandikisha mtihani wa darasa la nane mwaka huu. Niko na miaka arobaini na saba! Ningoje mpaka lini? Na hapa dukani kuna sketi kumi na mbili za kushonea kwaya ya akina mama, zote za wiki hii. Mke wangu Mutheu anasema nipunguze kazi, nile, nilale. Nilale! Shetani hutumia hata mdomo wa mke mwema.

Jumatano, 10 Juni
Bwana amenifunulia! Naandika sayansi kwa chaki ya kushonea, upande wa ndani wa sketi, halafu nasoma nikikanyaga cherehani. Meno yapo sketi ya kwanza, damu ya pili, safari ya chakula iko ya tano. Kalunde muuza ndizi, tunayesoma naye, amepita saa kumi akienda nyumbani. Kila siku anafunga saa kumi! Eti asome kidogo, kisha acheze na wajukuu. Akaniuliza kama siku hizi fundi anashona ama anapiga ramli. Sikumjibu. Haya, nilimjibu kidogo. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 12 Juni
Hasira! Mama Ndila, mwenyekiti wa kwaya, amekuja mapema akazoa sketi zote. Ya tano ni yake. Ameivaa nyuma ya pazia, akatoka nayo. Na mimi nilikuwa nimekariri mpaka tumboni tu! Nikamkimbilia barabarani, nikamwomba kwa heshima zote ainue pindo kidogo nisome utumbo mdogo.

Mimi, mzee wa kanisa.

Mkoba wake mara tatu, kichwani kwangu. Soko lote lilishangilia. Mutheu alikuwa na habari kabla nifike nyumbani. Hakutaka kusikia neno sayansi.

Jumamosi, 13 Juni
Swali la kwanza: eleza safari ya chakula. Nilikifikisha tumboni, kikakaa hapo. Swali la sita nikasinzia, nikaandika jina langu mara nne. Kalunde wa kwanza! Eti pole fundi, nikikosa utumbo nipite kwake, atanipikia. Mwalimu amenipa nafasi moja tu ya kurudia, Jumamosi ijayo.

Jumapili, 14 Juni
Wazee wenzangu wameniita baada ya ibada. Mama Ndila alieleza yote, na kwa vitendo. Nimesamehewa, lakini mchungaji ameagiza kila jioni nikae na mke wangu saa nzima, tuzungumze, bila cherehani, bila kitabu.

Nimetii. Mimi si mkaidi. Tumekaa, chai mezani. Mutheu akaniuliza kwa upole nasikiaje moyoni. Nikamwambia hilo haliko kwa mtihani, aniulize kazi za ini.

Ameondoka dakika ya kumi. Mungu ni mwema: zimebaki hamsini. Nimezipangia kusoma hesabu.