Uyoga kutoka Mirihi na Dubu wa Michigan

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumefika kambini. Kaskazini kabisa mwa Michigan, misonobari kila upande, simu haishiki mtandao. Safi! Hapa ndipo jina la Wendell Harju litakapozaliwa. Filamu yangu: uyoga kutoka Mirihi unakula wawindaji mmoja mmoja huku ukicheka. Kutisha kumo, kuchekesha kumo, sayansi imo. Nani mwingine kaliwaza hilo? Mimi ni mwandishi, mwongozaji na mwindaji mkuu. Uyoga ni Mwalimu Orville, mstaafu wa hesabu, ndani ya vazi la sponji na zulia kuukuu. Kamera kashika shemeji yangu Lorna, kwa sababu kamera ni yake. Kasema vazi linafanana na kochi. Wivu tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Lorna kanionyesha picha za jana. Kweli, kochi. Lakini akili yangu hailali! Uyoga wa Mirihi lazima utoe ute. Nikaleta ndoo ya sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti tunaomwagia chapati za asubuhi, nikampaka Mwalimu kichwa hadi miguu. Anang'aa kama sayari! Lorna akauliza kama nimesahau kuna dubu. Nikamjibu Oktoba dubu wamelala. Akasema Oktoba ndipo wanapokula kwa pupa ili wakalale. Mjuaji! Mwalimu akauliza kwa upole kama anaweza kuvua. Haiwezekani. Zipu imenata.

Jumatano, 8 Oktoba

Dubu.

Alitokea saa nne asubuhi, katikati ya tukio la tatu. Nilidhani Lorna kaajiri mwigizaji bila idhini yangu. Mwalimu, miaka sabini na moja, akapanda mti kama kindi, zulia na yote. Mimi nikarudi nyuma kimkakati hadi ndani ya gari, nikafunga milango. Lorna akaiacha kamera ikirekodi, akachukua sufuria na mwiko, akamwendea dubu akigonga: "Toka! Toka hapa, mshenzi we!"

Dubu akatoka. Tawi la Mwalimu nalo likakatika.

Kifundo cha mguu kimevunjika. Tukamkimbiza hospitali akiwa bado uyoga. Njiani machozi yalimtoka tu. Nilitaka kumwambia samahani. Nikamwambia alicheza vizuri. Lorna akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji. Ila safari hii guu ni la mwenzako."

Jumamosi, 11 Oktoba

Lorna kaonyesha picha kwenye ukumbi wa kanisa. Mji mzima ulikuja. Dubu alipotokea, mayowe. Sauti kutoka garini ilipomwita mama yake, watu wakashika mbavu. Sauti ni yangu, lakini ule ni uigizaji! Wakasimama kumpigia makofi Lorna, kisha Mwalimu na magongo yake. Nikainama kwa heshima, kwa niaba yao.

Mwalimu kasema hafanyi kazi nami tena hata kwa dawa. Waigizaji wakubwa ndivyo walivyo, wanataka kubembelezwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempelekea Mwalimu supu. Kafungua mlango, kachukua supu, kafunga mlango. Dalili njema! Filamu mpya nimeshaiandika: samaki kutoka Zuhura, chini ya ziwa lililoganda. Tunaanza Desemba mosi. Lorna anadai barafu ya Desemba haibebi hata mbwa. Mjuaji. Vipimo vya Mwalimu vya mapezi nimeshavichukua, kwa macho, mlango ulipokuwa unafungwa.