Nani Anakula Dawa ya Meno ya Mzigo?

Jumatatu, tarehe 3

Umepotea! Hata mafua yana adabu kuliko wewe, yanakuja kunitembelea. Mjukuu wangu, ni wewe uliyeniletea mbwa ukasema nikushikie siku chache. Siku chache zimeota manyoya. Siku chache sasa zina uzito kama wangu na mkia juu. Na usijifanye husomi daftari langu hili. Kila ukija, mkono mmoja unaniamkia, wa pili uko chini ya godoro langu unapekua. Haya, soma. Shule mimi niliiona paa tu, tena kwa mbali, lakini herufi nilijiokotea kwenye mifuko ya unga, na ninazo za kukutosha.

Habari ni hii. Mzigo, huyo mbwa wako, ananuka mdomo. Akipiga mwayo sebuleni, pazia linasogea. Leo mezani mke wa mjomba wako kaweka kijiko chini, kasema amechoka. Mdomo upone kabla ya Jumamosi kwisha, ama mbwa aende kwa mlinzi wa ghala la mbao, anayetafuta mbwa mkubwa. Mjomba wako akaafiki, macho kwenye sahani. Mwanaume mzima! Na nilivyomzaa kwa taabu!

Ghala la mbao! Mnyororo shingoni, kulala juu ya vumbi la msumeno! Mzigo, ambaye hasinzii mpaka aweke kichwa juu ya miguu yangu! Nilipolazwa na homa, alikataa chakula. Wanangu walikula. Mmoja aliongeza.

Jioni akaja daktari wa mifugo. Akamwinua mdomo, akatuonyesha meno ya nyuma: ukoga wa kahawia, na fizi nyekundu zimevimba. Apigwe mswaki kila siku, kasema. Mswaki laini, na dawa ya mbwa yenye ladha ya maini. Ya watu hapana, maana mbwa hajui kutema. Akatuachia tyubu. Kiasi cha punje ya kunde kinatosha. Asipopata nafuu, Jumamosi atamlaza kwa dawa ya usingizi amkwangue.

Nikamuuliza, kwa nini usingizini? Kazi ya halali hufanywa mwenyewe akiwa macho. Akacheka. Nimeona macho yake yalivyotua kwenye yale machonge. Namtilia shaka.

Jumanne, tarehe 4

Mbinu ya kwanza. Daktari kasema nianze kwa kidole kilichofungwa kitambaa, ili mnyama azoee. Nikachukua kitambaa laini kuliko vyote nyumbani. Cha mkwe, chenye maua. Nikakipaka dawa ya kutosha. Punje ya kunde ni ubahili.

Mzigo akafungua mdomo mwenyewe. Nikamsifu. Akafunga. Kidole kilirudi, kitambaa hakikurudi.

Mchana akakitapika ndani ya kiatu cha mjomba wako. Nikakizika nyuma ya nyumba kabla ya watu kurudi kazini. Mkwe akauliza nani kaona kitambaa chake chenye maua. Nikamwambia nyumba hii imeingia wezi.

Jumatano, tarehe 5

Mkwe akaja kunifundisha. Mimi! Eti mama, usimkabili uso kwa uso, anaogopa. Kaa ubavuni, inua mdomo kidogo, sugua nje tu, taratibu kwa kuzungusha, huku unamsemesha. Nikamwambia nimelea watoto sita na wote wana meno. Akasema ndiyo mama, akaenda zake. Amekubali upesi mno. Kayajulia wapi yote hayo?

Nikaamua kumkalia. Mbwa aliyekaliwa haendi popote, ndivyo nilivyofikiri. Mguu huku, mguu kule, mswaki mkononi. Mzigo akaona mswaki. Tukaondoka. Tukapita jikoni, tukapita kamba ya nguo, nikiwa na shuka la mtu kichwani, hadi getini.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa ameshaegemea ukuta wake. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akauliza kama leseni ninayo, au naendesha hivi hivi tu. Nikamjibu kwamba marahaba, na kwamba cherehani lake linashona mikono miwili isiyolingana, mtaa mzima unajua. Akasema pole na safari.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosema hivyo hawakupanda huu wangu.

Alhamisi, tarehe 6

Wizi! Wizi wa kweli!

Tyubu imesinyaa. Jana ilikuwa na shibe, leo imelala kama soksi. Mimi sikuigusa, kiuno kinaniuma. Mtu anakula dawa ya meno ya Mzigo. Ina ladha ya maini, na binadamu ni binadamu.

Nikaanza uchunguzi wakati wa chai. Nikamwambia mjomba wako apanue mdomo aseme haa. Akasema haa, akaniuliza kama nimelala vizuri. Chai tu. Nikamsogelea mkwe. Akarudi nyuma, akasema jamani mama, mimi nanuswa kama samaki wa sokoni? Mtu asiye na hatia harudi nyuma.

Sasa sikiliza vizuri. Alfajiri ya leo nilimwona akitoka chumba cha kufulia, anafuta kidole kwenye nguo. Mzigo nyuma yake, analamba midomo, mkia unapiga ndoo. Nikaelewa yote papo hapo. Anajifungia mle anakula, halafu anampa mbwa kidogo ili asibweke. Hongo! Na Mzigo wangu kapokea! Nimemtazama siku nzima, naye ananitazama kwa yale macho ya mtu mwema.

Mtego. Kabatini kuna kichupa cha rangi ya keki, ya bluu, ile ya kulika. Nimeimimina ndani ya tyubu, nikaibonyeza bonyeza ichanganyike. Tutaona nani ataamka na mdomo wa bluu.

Ijumaa, tarehe 7

Mkwe amevaa glavu za kuoshea vyombo tangu asubuhi. Anapika na glavu. Kajibu simu na glavu. Mjomba wako akamuuliza kulikoni, akasema mikono inamwasha. Mimi nimenyamaza. Mwindaji hapigi kelele.

Ila kesho ndiyo Jumamosi, na meno sijayasugua hata moja. Nikambusu Mzigo puani, sikusikia harufu yoyote. Na pua nayo imezeeka! Kila kitu kinaniacha siku moja. Nimekunja blanketi lake. Nikalikunjua. Nikalikunja tena.

Nikaenda kwa fundi cherehani kumwomba, mambo yakiharibika, amfiche Mzigo nyuma ya majora ya vitambaa. Nilikwenda na maneno mengi ya kumbembeleza. Akakubali kabla sijamaliza la kwanza, akasema hata leo mlete, bibi. Kwa nini upesi hivyo? Ana lake jambo.

Jumamosi, tarehe 8

Daktari kaja. Kapiga magoti, kamwinua Mzigo mdomo. Akaruka!

Fizi za bluu. Ulimi wa bluu. Hata mate ya bluu. Akapiga kelele kwamba mbwa hapati hewa, mbwa anakufa, leteni mtungi wa hewa garini! Mjomba wako akakimbia kuelekea garini, akajikwaa kwenye ndoo. Mimi nikamkumbatia Mzigo shingoni nikalia kwa sauti, nikasema atakayemgusa atanigusa mimi kwanza. Mzigo akaona tumekusanyika tumefurahi, akamlamba daktari shavu lote. Shavu likawa bluu.

Daktari akajigusa. Akanusa kidole. Akachukua pamba, akafuta fizi. Chini yake nyekundu imetulia, pinki safi. Meno ya mbele meupe. Ya nyuma ukoga kidogo tu umebaki. Harufu hakuna. Akasema hajawahi kuona nafuu ya upesi namna hii, aendelee hivi hivi, usingizi hauhitajiki. Ila rangi ndiyo hakuielewa. Akauliza nani anampiga mswaki.

Mjomba wako akamtazama mkewe. Mkewe ameficha mikono ndani ya mtandio, lakini niliona ncha ya kidole. Bluu mpaka kwenye kucha.

Akasema, ni mama. Mama ndiye anamhangaikia, kila siku.

Nikasema ndiyo, ni mimi. Ningesema nini? Daktari akanipa mkono, kaniita bibi hodari. Mkwe akainama akamkuna Mzigo nyuma ya masikio, akasema haya, ghala la mbao litafute mbwa mwingine. Macho yake yalikuwa na maji. Vumbi, akasema.

Kwa nini anisifu bure? Kuna kitu anakificha.

Jumapili, tarehe 9

Sikupata usingizi, nikafikiri mpaka nikafika mwisho wake. Kidole cha bluu. Tyubu tupu. Kujifungia. Kunisifu mbele ya watu ili ninyamaze. Masikini, mtoto wa watu ameingiwa na uchu wa dawa ya mbwa, na aibu inamtafuna. Na mimi hapa namnusa nusa!

Na meno ya Mzigo? Yamesafishwa na pumzi ya asubuhi na maombi yangu. Hilo halina mjadala.

Leo nimepika maini. Nikamjazia sahani yake mpaka mwisho, kumshinda mumewe. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kula mwanangu, hapa ni kwenu, hakuna anayekuhesabia. Akalia tena. Nilijua tu! Njaa.

Kwa hiyo ukija, na uje upesi kabla sijakutumia watu, pitia kwa daktari wa mifugo uchukue tyubu mbili za ladha ya maini. Moja ya Mzigo. Ya pili ifunge kwa karatasi nzuri yenye utepe, uiweke kimya kimya kwenye mto wa mke wa mjomba wako. Usimwambie ninajua. Na ukimwona anaficha kidole, geuka utazame dirishani.