Kamba wa Daktari wa Meno

Kinanda hakuwa na jino bovu hata moja. Aliingia kwa daktari wa meno kupumzisha miguu, maana pale viti ni vya bure na feni inazunguka. Miguu ilichoka kwa sababu ya mama mkwe, aliyemzuia mkewe kwake tangu mume na mke walipogombana, na masharti akayatoa hadharani: "Mwanangu hatoki hapa kwa miguu. Njoo na chombo cha usafiri." Na Kinanda, bingwa aliyewahi kumuuzia kinyozi dawa ya kuotesha nywele ilhali wote wawili wana vipara, hakuwa na hata baiskeli.

Ndipo macho yake yakatua kwenye tangi la vioo: maji ya chumvi, mchanga, mawe mawili matatu, pampu ikitoa mapovu. Samaki hakuna. Na nje ya dirisha, uani, skuta ya buluu imejikalia.

"Samaki wako wapi, daktari?"

"Walikufa," alijibu daktari, mtu mnene, mpole wa sauti. "Na shemeji yangu ana tangi kubwa kuliko kitanda changu. Kila akija hapa ananicheka."

Mwenye kiu ya sifa hujipeleka sokoni mwenyewe. Tapeli kazi yake ni kumpokea mizigo tu.

"Nina kamba mchimbaji," Kinanda alinong'ona. "Anachimba handaki mchangani. Macho hana, kwa hiyo anaishi na samaki mlinzi. Samaki anasimama mlangoni, kamba anamgusa kwa sharubu. Samaki akitikisa mkia tu, wote ndani! Na adui akisogea, kamba anafyatua gando: pah!"

Habari hizo alizipata kwa wachuuzi wa samaki, wala hakuamini hata neno moja. Lakini uongo mzuri namna ile, alijiambia, ni dhambi kuuacha uoze bure.

Maji yalipokupwa alikwenda ufukweni, akaona kisamaki cha ukubwa wa kidole kimesimama mlangoni pa shimo. Kikazama ndani. Kinanda naye hana subira. Akachota shimo zima kwa sepetu, akalitia kwenye ndoo, akaja kulimimina tangini.

Daktari alikuja kukagua baada ya kisamaki kuzoea. "Kamba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndani. Mwenye nyumba haji mlangoni ovyo ovyo, daktari. Ana askari." Na nyuma ya mgongo Kinanda akafyatua vidole: pah!

"Namsikia!" Daktari alitabasamu. "Sasa mimi fedha sina, ila ile skuta... Betri imelala tu. Iachie kwenye mteremko, itaamka."

Wakapeana mikono. Hapo hapo tangini kukasikika: pah!

Kinanda alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia. Mchangani yalitokeza magando mawili yakisukuma kifusi nje, sharubu moja imemlalia samaki mgongoni.

"Nilijua yumo," alisema daktari. "Samaki huyu hachimbi. Na shimo hilo hukuja nalo, limechimbwa humu humu."

Kwa mara ya kwanza maishani Kinanda alikuwa ameuza kitu cha kweli, tena bila kupandisha bei! Aliumia kama mtu aliyeibiwa.

"Daktari, hebu tuzungumze upya..."

"Ahadi ni deni, kaka. Skuta yako ile pale."

Njiani, akiisukuma, alijiliwaza. Skuta ilikuwa nyepesi ajabu, naye akadhani ni nguvu zake. Nyumba ya mama mkwe iko bondeni. Akapanda, akajiachia mteremkoni, akaingia uani kifua mbele.

"Mbona haina kelele?" mkewe alishangaa.

"Za kisasa hizi."

Mama mkwe, mjane wa fundi, aliizunguka skuta, akafungua kifuniko cha ubavuni. Injini haikuwamo. Badala yake mlijazwa mataya ya plasta, yale ya kupimia meno ya bandia, yote yamemkenulia Kinanda.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Umeitoa wapi?"

"Nimebadilishana na kamba."

"Kamba wa kweli?"

"Wa kweli, haki ya Mungu."

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

Kinanda hakucheka. Alijua mkewe asipopanda leo, hatapanda tena. "Nyumba imepoa bila wewe," alisema, na kwa bahati mbaya hilo nalo lilikuwa kweli. Mkewe akamtazama, kisha akamtazama mama yake.

"Nilisema hatoki kwa miguu," alisema mama mkwe. "Injini sikuitaja."

Mkewe akafuta machozi ya kicheko, akapanda, akaketi upande. Kinanda akashika usukani, akaanza kuisukuma skuta kuukabili mlima. Jasho lilikuwa limeanza tu kumchuruzika aliposikia kandambili zikimkimbilia nyuma.

"Simama kwanza, mkwe," alisema mama mkwe, mfuko wa nguo kwapani. "Naona nafasi bado ipo."