Jiwe Lililoachwa Nusu Mlango

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sikukuu za Jumuiya Yetu.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa jina la yeyote unayeona anafaa.

Mimi ni yule fundi seremala wa safu ya nyuma. Nilihamia kwenu kwa hiari yangu, nikipenda kwamba hapa mtu haulizwi anaamini nini. Lakini uhuru nao una kiasi chake, na nimeshika kalamu shingo upande.

1. Krismasi mliniagiza hori. Nikalichonga na kulipiga msasa, mtoto asije akachomwa na kibanzi. Mkaliacha tupu, eti kila mmoja amlaze humo amtakaye. Dada wa mapokezi akalaza mkoba wake.

2. Ijumaa Kuu inayokuja mmeipa jina Siku ya Kutafakari Changamoto. Mchungaji wetu, ambaye wanakwaya humwita Pengine, kasema msalaba unatisha wageni, hivyo niondoe ule ubao wa kukingama. Nimeuondoa. Sasa tutapiga magoti mbele ya nguzo ya umeme.

3. Jumapili iliyopita mkapigisha kura kama Bwana alifufuka. Wa ndiyo wakanyoosha mikono, wa hapana wakanyoosha, na wengi wakaomba wapewe muda. Kwa ajili ya umoja, mkaamua jiwe la kaburi, nililoliunda kwa mbao na kulitia magurudumu, siku ya Pasaka liachwe nusu mlango: akiwa amefufuka apite kwa ubavu, akiwa hakufufuka asisumbuliwe. Ndugu Mwenyekiti, mimi mwenyewe siamini kwamba alifufuka. Ndiyo maana nina hasira! Mtu akitaka kukana jambo, sharti kwanza lisemwe. Mnanigombanisha na hewa.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama yangu mzazi hajawahi kukanyaga hapa tangu nilipoacha kanisa lake. Pasaka hii amekubali kuja, mara moja tu, aone mwanawe amepotelea wapi. Akikuta jiwe limekwama mlangoni atajua nimepotea kweli.

Kwa hiyo naomba jiwe lisukumwe lote, tarumbeta ilie, na Pengine atamke "Amefufuka!" bila kukohoa. La sivyo nitalisukuma mwenyewe, hata kama Bwana bado yumo ndani.

Nisalimie wanakamati wote, waliosema ndiyo, waliosema hapana, na wale ambao bado wanafikiri.

Wako katika imani nisiyokuwa nayo,
Fundi.

Nyongeza: Mama amefika mapema, na jana nilimleta kwenye mazoezi ya Pasaka. Alikaa hadi wimbo wa mwisho. Tulipotoka akaniambia kwamba tangu tumzike baba, kila Pasaka kanisani kwake, wakati wa kuimba, hufumbua mdomo tu, sauti haitoki, na watu humgeukia. "Hapa hakuna aliyenitazama mdomo, mwanangu." Njiani akaimba, kidogo, akidhani simsikii. Tafadhali msiguse kitu chochote.