Kibati cha Bi Tabasamu

Jumatatu, 6 Julai

Kosa wanalofanya watu wengi wanapofungua tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ni kuvuta kwanza vipande vya chini vya miguu, vile vyembamba. Vyembamba hutetemeka. Mtu huanza na vile vinene vya juu, vyembamba vikabaki akiba. Nimelieleza jambo hili kwa miaka kumi na tisa, tangu nilipostaafu kufundisha jiografia nikafungua studio. Hakuna anayesikiliza. Leo asubuhi nimemwona dirishani tena jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mpigapicha mwenzangu, akivuta vyembamba. Mimi humwita Bi Tabasamu, maana hiyo ndiyo elimu yake yote: kuwaambia wateja watabasamu kidogo. Nilimfundisha kidato cha pili. Ramani zake hazikuwa na skeli.

Hayo ningeyavumilia. Lakini saa nne amenipigia simu Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa ndiye kifungua mimba wetu. Sisi tuko watano: yeye, Kaka, mimi, na wadogo zetu wawili pacha, wote wa kike. Daktari amemwambia kwamba macho yake hayatafika mwisho wa mwaka. Amelisema hilo kwa sauti ile ile anayotumia kusema sabuni imekwisha. Anataka picha moja ya sisi watano, kubwa kama dirisha, aitazame wakati bado anaona. Hatuna hata moja. Ni kweli. Nina maboksi ya picha za ukoo, na katika kila moja tuko wanne. Wa tano yuko nyuma ya kamera.

Jumamosi wote watakuwa kwake. Nikamwambia, kwa unyenyekevu, asiwe na shaka, fundi yupo.

Kisha akasema ameshaongea na Bi Tabasamu. Mimi niende tu, na nivae vizuri.

Nivae vizuri! Mimi!

Jumanne, 7 Julai

Nimekwenda kwa Dada Mkubwa kumwelimisha. Nikaeleza kwa utaratibu. Macho yake hayawezi kustahimili flashi. Sebule yake ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Kwa hiyo kamera italazimika kukaa wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga, na mkono wa binadamu, hata uwe wa nani, hutetemeka. Bila tripodi, picha itatoka kama imepigwa ndani ya uji.

Akauliza kama binti yule hana tripodi. Nikakiri kwamba anayo. Akasema basi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mimi nina miaka sabini na moja. Lakini huyu ndiye aliyenifunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu, baada ya mama kufariki. Kubishana naye ni kazi bure. Nikala.

Njiani nikawaza. Bila tripodi hawezi. Lakini tripodi ni dude refu, haliwezi kupotea hivi hivi.

Nikasimama katikati ya barabara. Dereva mmoja akaniuliza kama nimeota mizizi. Nilikuwa nimepata wazo.

Alhamisi, 9 Julai

Nimefanya jambo. Mkono unasita kuliandika, lakini shajara isiyo na ukweli ni barua ya kumpendeza jirani.

Nianze kwa maelezo. Kamera haikai juu ya tripodi yenyewe. Kuna kibati, kidogo kama kiberiti, ambacho hufungwa kwa skrubu chini ya kamera, kisha huchomekwa katika kichwa cha tripodi na kubanwa kwa kitasa. Bila kibati hicho, tripodi ya bei yoyote ni vijiti vitatu vya kuanikia nguo. Na kibati cha kampuni moja hakiingii sawasawa katika tripodi ya nyingine. Watu hawajui hili mpaka siku wanapolia.

Saa tisa nikavuka barabara. Eti nimekuja kumsalimu. Bi Tabasamu akasimama haraka. Shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, leo umetukumbuka. Tripodi ilikuwa mlangoni, kibati kikiwa kichwani pake, hakina kamera. Akasema ngoja, akaingia chumba cha ndani.

Nikabonyeza kitasa. Kibati kikaniangukia kiganjani kama jino lililokuwa linangoja kung'olewa. Nikakitia mfukoni.

Akarudi na mto. Alikwenda kuniletea mto wa kuegemea. Amekumbuka kwamba mgongo unanisumbua! Nilisema hivyo darasani, akasema, yeye akiwa na miaka kumi na tano.

Nimeegemea mto ule kwa dakika ishirini. Sijawahi kuketi mahali pagumu kama pale.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeamka nimeamua kukirudisha. Nikavaa, nikavuka barabara. Studio imefungwa. Kibao mlangoni kinasema amekwenda kupiga picha za mahafali, atarudi kesho. Tripodi kaiacha, naiona dirishani. Ningeweza kukipitisha chini ya mlango. Nafasi ilikuwepo, nilipima kwa kidole.

Lakini nikafikiri: akikikuta sakafuni atashtuka. Si vizuri kumshtua mtu. Nikarudi nacho.

Haya ndiyo mawazo ya mtu mzima aliyesoma! Nayaandika hapa ili yanitazame.

Nimepanga kila kitu. Kibati chake mfuko wa kushoto wa koti la kijivu, changu mfuko wa kulia. Kushoto dhambi, kulia halali. Mke wangu akanikuta nagusagusa mifuko na kunong'ona, akauliza tangu lini naongea na makoti. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema utaalamu ukimzidi mtu humpeleka kwa daktari.

Jumamosi, 11 Julai

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Sakafu ya Dada Mkubwa ni ya saruji.

Nieleze taratibu. Asubuhi mke wangu alisema koti la kijivu lina doa la chai begani, nivae la bluu. Nikalitundika la kijivu kwenye kiti, likinipa mgongo, nikahamisha mali. Hapa ndipo nilipoponzwa na kazi yangu. Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wateja: kushoto kwako ni kulia kwangu. Mtu anayekutazama pande zake zimegeuka. Na mimi nikaligeuzia pande koti lililonipa mgongo, kama vile ni mteja anayenitazama. Miwani ya kusomea nayo ikabaki kwenye koti la kijivu.

Tulifika wote. Dada Mkubwa kavaa gauni la zambarau, katulia kwenye kiti chake. Kaka, ambaye sikio moja halisikii, alikuwa anauliza kila baada ya dakika moja kama tayari tumeshapigwa. Bi Tabasamu akaja, akasalimia kila mtu, akafungua tripodi. Vyembamba kwanza! Kisha nikamwona anapapasa kichwa cha tripodi. Akafungua begi. Akalimwaga lote mezani. Akapiga magoti akaangalia chini ya viti. Jasho likamtoka. Akamwambia Dada Mkubwa, karibu kulia, kwamba mama, nisamehe, kuna kifaa nimekipoteza, sijui kimekwenda wapi.

Dada Mkubwa akauliza kama maana yake ni hakuna picha.

Sauti ile! Hapo ndipo ningepaswa kutoa mkono mfukoni. Badala yake nikasimama na kusema kwamba, kwa bahati tu, nimekuja na kamera.

Pacha mmoja akauliza kama na tripodi nayo imekuja kwa bahati. Mwenzake akasema imejileta yenyewe, tena imejificha nyuma ya mlango kwa aibu. Wakacheka. Sikujali. Nikatoa kibati mfuko wa kulia, mfuko wa halali, nikakifunga chini ya kamera kwa kupapasa. Nikachomeka. Kitasa kikalia. Nikawaambia sasa wataona kazi.

Nikaweka taima ya sekunde kumi na kukimbilia kiti changu. Nikasema kwa sauti: tumbo ndani, kidevu chini, mwanga unatoka kushoto kwenu, yaani kulia kwangu.

Sekunde ya sita, kamera ikainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kanisani. Ya saba, ikachomoka. Ya nane, ikapiga sakafu, ikabiringika, ikalala chali miguuni pa Dada Mkubwa, tumbo juu. Ya kumi, ikajipiga picha ya dari.

Kaka akauliza kama tayari tumeshapigwa.

Dada Mkubwa akainama. Chini ya kamera yangu kulikuwa na kibati, na juu ya kibati kulikuwa na tabasamu. Tabasamu dogo, vidoti viwili na upinde, limechorwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Bi Tabasamu huwekea alama hiyo vitu vyake vyote. Hata mimi, bila miwani, niliiona kutoka nilipokuwa.

Pacha wote wawili wakaguna kwa pamoja, kama walivyofanya tangu kuzaliwa.

Nikafungua mdomo. Nikasikia nasema kwamba niliazima. Na binti yule, kabla sijamaliza kujizika, akapiga kofi paji la uso wake na kusema kumbe! Kumbe kibati alimwachia Mwalimu siku ile Alhamisi, akasahau kabisa, Mwalimu asamehe.

Mwalimu asamehe! Alinisitiri mbele ya ndugu zangu, na uongo wake ulikuwa mzuri kuliko kweli zangu zote.

Dada Mkubwa hakudanganyika. Huyo alinigundua nikilamba sukari nikiwa na miaka sita, kwa kutazama masikio tu. Akaniita karibu. Akasema polepole, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Akasema: "Wewe mtoto, nilimwita huyu binti ili na wewe ukae. Maisha yako yote umekuwa ukitutazama. Nilitaka mara moja nikutazame wewe."

Nikafungua skrubu, nikampa Bi Tabasamu kibati chake mkononi. Akakipokea kwa mikono miwili, kana kwamba nimempa zawadi. Kisha nikaenda kukaa. Kiti cha nne, kati ya Kaka na pacha mmoja. Sikujua mikono nawekaje. Nimewapangia mikono watu elfu kadhaa, yangu ikanishinda.

Nikatazama viatu vyangu. Akaita Mwalimu, tazama huku. Sikuweza. Akaita tena. Dada Mkubwa akaninyooshea mkono kupitia mgongo wa Kaka, akanishika sikio, akalivuta kidogo. Nikainua uso.

Tayari, akasema Bi Tabasamu. Kaka akauliza kama tumeshapigwa.

Jumatano, 15 Julai

Siku tatu sikuandika. Hakukuwa na mtu wa kumwelezea.

Leo picha imeletwa kwa Dada Mkubwa. Kubwa kama dirisha, kweli. Imetundikwa mbele ya kiti chake, si juu, usawa wa uso. Amesimama karibu nayo, pua nusu ya kidole kutoka kwenye kioo, akapitisha ncha ya kidole juu ya kila sura. Moja. Mbili. Tatu. Akanifikia mimi, akasimama.

Lazima niseme ukweli: picha ni kali. Kila uzi wa gauni unaonekana. Na mimi naonekana. Macho yamenitoka, sikio moja jekundu, uso wa mtoto aliyekutwa na sukari kinywani. Nikamwomba msamaha, kwa picha na kwa mengine. Akasema kwa nini, huo ndio uso wangu, anaujua tangu nikiwa na miaka sita, alikuwa anautafuta katika maboksi yote yale. Akaendelea kuhesabu. Nne. Tano. Akabaki amesimama pale.

Nikatoka nje kupenga kamasi.

Nimekula kiapo. Kesho kutwa nikiwa nimetulia, nitamwendea Bi Tabasamu nimwombe radhi waziwazi, bila maelezo.

Ijumaa, 17 Julai

Nimekwenda. Nimepiga moyo konde, nimevaa koti la kijivu, nimevuka barabara. Akanipa mto. Nikasema binti yangu, nimekuja kwa jambo moja.

Akasema naye ana jambo, tena ni habari njema. Shule yetu ya zamani inataka picha ya walimu wote wastaafu. Wamempa yeye kazi. Tarehe ishirini na tano. Na mimi, akasema huku anafurahi kwa ajili yangu, nitakaa mstari wa mbele, katikati kabisa.

Nikae! Mara ya pili katika mwezi mmoja! Mbele ya wale wa hisabati!

Neno nililokwenda nalo likarudi tumboni. Nikasema hongera. Nikauliza atapiga wapi, saa ngapi, na kwa nini. Akajibu kila kitu, kisha akaenda ndani kuniletea maji.

Nimelifikiria suala la Jumamosi ile kwa kina, kama msomi. Kosa liko wazi. Nilikuwa na vibati viwili vinavyofanana, na changu hakikuwa na alama. Kingekuwa na alama, hata bila miwani ningekijua kwa kidole, kamera isingeanguka, na picha ingekuwa yangu. Basi. Hakuna jingine. Nimenunua rangi ya kucha ya kijani, nimepaka matone matatu mazito yanayopapasika. Mke wangu ameuliza ni ya kucha za mkono gani. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.

Mezani kwa Bi Tabasamu kuna rimoti ya kamera, ndogo kama kidole gumba. Alipokuwa ndani niliigeuza. Haina alama yoyote.

Wewe utakayeisoma shajara hii, usingoje yakufike: leo, kabla jua halijazama, paka alama chini ya kibati chako.