Divai Nyekundu ya Mzee Kornel

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao cha familia kwa simu. Mzee Kornel, baba mkwe wangu, anatimiza miaka themanini, na sherehe ni Jumapili ya tarehe 17, nyumbani kwake Ipole. Hataki blanketi, hataki mbuzi. Anataka glasi moja ya kitu kitakachomkumbusha ujana wake. Basi! Emilian wa Nzega, mwanyumba wangu, maana ameoa mdogo wa mke wangu, akadakia kwamba mzee ujanani aliwapikia mapadri, kwa hiyo kitu chenyewe ni divai nyekundu, na yeye ataleta katoni nzima. Wote wakamsifu. Nikasema na mimi naleta divai, tena bora zaidi. Yustina, mke wangu, akafumba macho.

Katoni! Mwenye pesa yeyote ananunua katoni. Kupata divai nzuri kwa bei ya kutupa, hapo ndipo akili inapohitajika.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Tangu nimwoe Yustina, mzee hajawahi kuniita jina langu. Emilian ni "mwanangu". Mimi ni "mume wa Yustina". Mume wa Yustina, sogeza kiti. Mume wa Yustina, fukuza kuku. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba vizuri tu, ila jina hakuna. Inaniuma. Nataka aniite Renatus, hata mara moja, kabla Mungu hajamwita yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Nimezunguka Tabora mjini mpaka soli imeomba msamaha. Divai nzuri ipo, bei yake haina adabu. Ya bei nafuu nimeionja. Siki.

Lakini! Mdogo wangu Fikiri, aliyeko Dodoma, anamjua mkulima wa zabibu anayekamua mwenyewe na kuuza divai changa moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Karibu na bure, mradi uwe na chombo chako. Nikaenda kwa Hamoud, muuza asali wa pale sokoni, akanipa madumu mawili matupu. Akauliza ni ya nini. Yeye ni mtu wa swala tano, nikamjibu juisi ya zabibu. Akanisisitizia niyaoshe kwa maji ya moto, kuna asali imeganda chini. Nikaitikia.

Njiani nikatafakari. Asali ya Ipole, tena ya daraja la kwanza, niimwage mtaroni? Asali haiozi. Italainisha ukali wa divai. Sikuosha. Madumu yamepanda basi la Dodoma. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kupata punguzo kama langu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Madumu yamerudi, yamejaa na yamevimba kidogo. Joto la buti hilo. Nimeonja. Tamu, ee Mungu!

Mhudumu wa baa ya mtaani kwetu alinitunzia chupa tupu za divai ya Italia, na vizibo vyake. Lebo ina kilima na kanisa. Nimejaza, nimeziba, nimedondoshea nta ya mshumaa mwekundu juu. Ukiziona utasema zimeshuka melini. Nimezipanga chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka kiuno kimegoma kurudi.

Yustina akauliza kwa nini nisimwambie baba yake tu kwamba ni divai ya Dodoma. Akanikumbusha jirani yao wa Ipole aliyemuuzia mzee asali iliyochanganywa sukari. Mzee aliirudisha, na hawajapatana mpaka leo. Nikamwambia hii si asali. Akasema haongelei asali. Wanawake wana mafumbo.

Jumanne, 12 Agosti

Emilian kapiga simu eti kunijulia hali. Kataja jina la divai yake mara nne, kwa matamshi mapya. Nikamwambia yangu ni ya Italia. Akauliza nimeipata wapi. Nikamjibu kuna watu nafahamiana nao. Simu ikakatika, kwa kidole changu.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nane mchana. Pa! Kisha pa! pa! pa! Yustina alitoka jikoni na mwiko. Marcelina, jirani yetu, alilala kifudifudi uani kwake na karai kichwani. Chumbani vizibo vilikuwa vinaruka, chupa zinapasuka, godoro linakunywa. Mguu mmoja wa suruali yangu ya sherehe sasa ni mwekundu.

Zimesalimika tatu. Yustina akanusa, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema asali imeichachusha divai upya. Anasema hiyo ni wanzuki, bibi yake alikuwa anaipika, anaijua harufu yake hata usingizini. Wanzuki! Pombe ya asali! Nimwage kilima na kanisa la Italia kwa ajili ya wanzuki? Nikamjibu divai bora hupumua.

Alipotoka nilikaa peke yangu kwenye kile kitanda kilicholowa. Kusema kweli, chumba kilinukia vizuri. Kilinukia maua ya miombo na mvua ya kwanza. Nikajikuta nimetulia, nimesahau hasara. Halafu nikaikumbuka katoni ya Emilian.

Jumapili, 17 Agosti

Ipole. Misa, pilau, hotuba. Nilikaa mguu juu ya mguu kuficha ule mwekundu.

Emilian alifungua yake kwa chombo maalumu alichonunulia kazi hiyo. Mzee akanywa funda moja, akasema asante mwanangu, akaiweka glasi chini. Hakuigusa tena.

Nikafungua yangu. Ikalia pa, povu likamwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza, shemeji zangu wakacheka. Mzee hakucheka. Alinusa. Akanywa. Akanywa tena, taratibu, macho ameyafumba, na chozi likashuka kwenye ndevu.

Akanishika mkono. "Renatus, mwanangu," akasema. "Hii ni wanzuki ya mama yangu. Umeipata wapi?"

Renatus! Mwanangu! Vyote viwili kwa mpigo!

Lakini wanzuki? Mbele ya watu wote? Emilian alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikageuza chupa ili mzee aone lebo.

"Hapana, baba," nikasema. "Ni divai halisi ya Italia. Soma mwenyewe."

Mzee aliitazama lebo muda mrefu. Akanitazama mimi. Akauachia mkono wangu, akaisukuma glasi kando kidogo, na bado ilikuwa na nusu.

"Haya," akasema. "Asante, mume wa Yustina."

Jumatatu, 18 Agosti

Tumerudi Tabora. Njiani tulipita Sikonge. Hapo Yustina akauliza, kwa upole, ingenigharimu nini kusema ni asali ya kwao. Nikamweleza kwamba mtu hawezi kujishusha mbele ya Emilian. Akageukia dirishani.

Nimetafakari sana leo. Aliniita Renatus, hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Kisha jina likapotea, sijui lilikwenda wapi. Nahisi ni uzee. Au ni ile ladha ya asali, imemchanganya mzee wa watu akashindwa kuitambua divai. Ndiyo. Ni asali iliyoniharibia.

Krismasi tutakuwa Ipole tena. Fikiri ameniambia yule mkulima bado ana pipa moja, na bei imeshuka. Nimeshapita kwa Hamoud, nimepata madumu mengine. Safari hii nayasugua kwa maji ya moto, majivu na mchanga, mpaka harufu yote ya asali iishe.